Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Bernadeta Mashimba alikuwa mtu wa kutoamini kitu mpaka akione kikitembea. Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuangalia vitu vinavyotembea ndani ya tone la maji, aliamini mambo mengi kuliko majirani zake wa Kiseke walivyodhani. Wao walimwona mama mtulivu wa jumuiya ya kanisani, anayeondoka asubuhi na mkoba wa mtumba begani na kurudi jioni akinuka spiriti. Wengine walinong'ona kwamba huko aendako anapika gongo. Hakujisumbua kuwasahihisha. Angewaambia nini, kwamba serikali inamlipa kulisha wadudu wasioonekana?

Maabara yenyewe ilikuwa jengo dogo la bati kando ya ziwa, la enzi zile serikali ilipokuwa bado na hela ya rangi. Miaka hiyo ya tisini kila kitu Mwanza kilikuwa kinabadilisha mmiliki. Viwanda vya minofu ya sangara vilichipuka ufukweni, maduka yalijaa vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kujuana na mtu, na wafanyakazi wa mashirika ya umma walikuwa wanapunguzwa kwa makundi. Gugumaji nalo likaingia ziwani bila kumwomba mtu ruhusa. Katika vurugu hiyo maabara ilisahaulika, na Bernadeta, aliyeanza hapo kwa kufagia, akajikuta ndiye mtunzaji wa viumbe.

Viumbe vyenyewe ni vya seli moja. Havina jicho la kuona, ila mwili mzima umeota vijinywele, na kwa kuvipigapiga vinakwenda mbio ndani ya maji kama watoto waliotumwa dukani. Daktari Yunus, kijana wa familia ya wenye maduka wa mjini aliyerudi na shahada kutoka ng'ambo, alivichota sehemu mbalimbali za ufukwe, na kila alichokichota akakianzishia ukoo wake. Ukoo aliupa jina la mahali ulikotoka. Ule alioupenda kuliko yote ulikuwa ukoo wa Kamanga, kutoka gati la kivuko upande wa Sengerema, na Bernadeta naye aliupenda, kwa kuwa upande huo ndiko kwao.

Kazi ilikuwa ya subira. Kila asubuhi aliwasha taa ya spiriti, akavuta kioo kikawa mrija mwembamba kuliko unywele, akainamia hadubini na kunyonya kiumbe kimoja tu kutoka tone la jana kwenda tone jipya lenye mchuzi wa majani makavu. Kesho yake kile kimoja kilikuwa kimeshakuwa kundi. Aliviita wanangu, na hakuona aibu.

Daktari Yunus hakuwa mchoyo wa maelezo. Siku moja, wakati wanakula makande ya Bernadeta uani, alimweleza anachokitafuta. Kila kiumbe kina viini viwili. Kidogo kinakaa kimya na kimehifadhi urithi wote, wa upande wa baba na wa upande wa mama, wala hakiingilii mambo ya kila siku. Kikubwa ndicho chenye kazi, na ndani yake urithi uleule umerudiwarudiwa mara nyingi, wa huku na wa huku, umechanganyika.

"Sasa angalia," alisema, akatumbukiza upawa sufuriani. "Hapa una mahindi na maharage. Kiumbe kikijigawa, kile kiini kikubwa hakigawi kwa haki. Kinachota tu. Sahani hii inapata maharage mengi kidogo, ile inapata mahindi mengi kidogo. Ukichota tena kutoka sahani hiyo, na tena, na tena, unafika mahali sahani ina maharage matupu. Hapo hata uchote mpaka Kiama, mahindi hupati."

"Na walikuwa na vyote viwili tangu mwanzo," alisema Bernadeta.

"Vyote viwili. Ukiwatazama kwa macho, hujui nani amekwisha kugeuka."

Kujua kulihitaji dawa. Bernadeta alidondosha tone la sumu, akangoja. Wale wenye urithi wa kuhimili waliendelea na safari zao. Wale wengine walipunguza mwendo, wakasimama, wakavimba, halafu ngozi ikaachia na wakayeyuka, likabaki tone la maji safi. Walikuwa ndugu wa mama mmoja, na dakika chache kabla usingeweza kuwatofautisha. Alifanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka na hakuizoea. Kila mara nywele zilimsimama shingoni kwa ule utulivu wa tone lililobaki tupu.

Kilichomnyima Daktari usingizi ni kwamba koo zote hazikuwa na mwendo mmoja. Nyingine zilijitenga upesi, vizazi vichache tu na kila mtoto ameshachukua upande wake. Nyingine zilichelewa. Na kuchelewa kwenyewe au kuwahi kwenyewe kulikuwa ndani ya ukoo, kukirithiwa kama kimo au sura.

"Ziko zinazogeuka mapema, bado changa," alisema. "Na ziko zinazokaa mchanganyiko mpaka unazisahau, unaziona zimetulia, ndipo zinageuka. Ukoo wa Kamanga ni wa namna hiyo, nadhani. Tutaona."

Bernadeta alisikia ile nusu ya kwanza tu. Alikuwa na mtoto nyumbani, na tangu mtoto huyo azaliwe kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja.

Mtoto aliitwa Justa. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, nyumbani kwa mama yake Bernadeta, mzee Minza, kama inavyotakiwa kwa uzazi wa kwanza. Baba yake, Masele, alikuja kuwaacha baadaye akaenda Geita kuchimba dhahabu, na hakurudi yeye wala dhahabu. Justa alizaliwa analia na akaendelea kulia. Si homa, si tumbo, si njaa. Bernadeta, mwanamwali wa juzi asiyejua hata kumshika vizuri, alilia naye.

Kwao jambo hilo lina njia yake. Mtoto akilia bila sababu, kuna aliyetangulia anayetaka jina lake lirudi. Wanawake wakubwa walikaa chini kumzunguka Bernadeta na mtoto wake, na shangazi mmoja mwenye kumbukumbu ndefu akaanza kutaja marehemu wa ukoo, taratibu, mmoja mmoja, akimwacha mtoto asikie. Jina litakalomnyamazisha, ndilo lake. Walianza na wakulima hodari na waganga wenye heshima, wakaja kwa bibi waliozaa sana. Mtoto alilia tu. Majina mazuri yakaisha. Shangazi, kwa uchovu au kwa ulimi kuteleza, akasema, "Mbuke."

Kilio kikakatika. Wote waliinama kumtazama mtoto, na mtoto alikuwa amefumbua macho, ametulia tuli. Mzee Minza aliruka akamnyakua, akatazama kalenda ya misheni iliyokuwa ukutani na kusoma jina la kwanza aliloliona. "Anaitwa Justa," alisema. "Amenyamaza kwa Justa." Hakuna aliyebisha.

Mbuke alikuwa mama mzazi wa Minza. Bernadeta hakumwona kwa macho, lakini habari zake alizipata vipande vipande, kwa watu waliosahau kuwa mtoto yuko jirani. Ng'ombe wa kijiji walikauka maziwa mwaka mmoja, na kidole cha uchawi kikamwangukia Mbuke. Wakamnyima moto na maji. Hakuna aliyeruhusiwa kumpa kaa wala kuchota naye kisimani, kwa hiyo akahamia kibanda cha peke yake ufukweni. Moto wake haukuzimika tena. Kila jioni aliufukia makaa kwa majivu kwa namna yake, kilima kidogo chenye mduara uliochorwa juu kwa kidole kimoja, kwa sababu ukizimika hana wa kumwomba. Alikula samaki aliowatega mwenyewe, furu na ngege, basi. Na siku moja alipokwenda kutafuta kuni, walikichoma kile kibanda nyuma yake. Alikijenga upya, na tangu hapo hakukipa kisogo tena. Alipotoka alitoka kinyumenyume, macho mlangoni, mpaka mbali. Asubuhi moja waliona nyayo zinatoka mlangoni kwake kwenda mpaka ndani ya maji, vidole vyote vimeelekea nyumba. Mwili haukuonekana.

Basi huyo ndiye aliyemnyamazisha mtoto, na Bernadeta alimlea Justa kama mtu aliyebeba yai kwenye kanga. Justa akakua bila kisa. Alikuwa mcheshi, mvivu wa kuosha vyombo, mpenda mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu kiwandani, yaliyokaangwa mpaka yakauke. Akafika sekondari. Bernadeta akaanza kupumua. Halafu, mwaka ule gugumaji lilipofunga ghuba mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka, asubuhi moja aliinama kuwasha jiko la mkaa akakuta halihitaji kuwashwa. Makaa yalikuwa hai chini ya kilima kidogo cha majivu, na juu yake kidole kilikuwa kimechora mduara.

Mikono yake ilinuka majivu, akadhani ni ya jana.

"Justa," aliita. "Wewe ndiye umefunika moto?"

Justa alisimama mlangoni na sare ya shule. Alimtazama mama yake, akatazama jiko, akamtazama tena. "Hapana, mama."

"Sasa nani?"

"Sijui."

Alisema sijui kwa sauti ya mtu anayejua, na Bernadeta aliyeishi kwa kuangalia vitu vidogo hakukosa kuiona. Alivunja kile kilima kwa kijiti. Kesho yake kilikuwepo tena.

Akaanza kumchunguza mwanawe, na ukimchunguza mtu kwa hofu huwezi kukosa kitu. Waliketi mezani na samaki akabaki sahanini. Sangara mzima, mtamu, amechovywa kwenye mchuzi wa nyanya, na baada ya kula alikuwa vilevile, hakuguswa upande wowote. Mbuke hakumjua sangara, samaki aliyeletwa ziwani baada ya enzi zake. "Mbona huli?" aliuliza, na Justa akajibu taratibu, "Nakula, mama," akachukua tonge bila kuondoa macho kwa mama yake. Zamani msichana huyu alikuwa hodari wa kulamba sufuria. Sasa alikaa ukingoni mwa kiti, na Bernadeta akiinuka naye anainuka.

Mvua za vuli zikaanza. Asubuhi ya kwanza baada ya mvua, Bernadeta alitoka uani akakuta nyayo kwenye tope, miguu mitupu, kutoka njiani kuja moja kwa moja mlangoni kwake. Alidhani kuna mgeni. Alizunguka nyumba, hakukuta mtu. Ndipo alipotazama vizuri jinsi tope lilivyosukumwa, akaelewa kuwa hakuna aliyekuja. Kuna aliyetoka, akaenda mpaka njiani huku ameitazama nyumba. Alichukua jembe akazifuta zote kabla majirani hawajaamka, na ndani ya nyumba alimkuta Justa ameketi kitandani, macho makavu, shuka kifuani.

Hakumuuliza. Alikwishajua, au alidhani anajua. Kilichokuwa moyoni mwake sasa ni kitu kimoja tu: mtoto huyu asichukuliwe, na watu wasijue. Alijua vizuri wanachofanya watu wakijua. Kiseke siyo kijijini, lakini watu wa Kiseke walitoka vijijini, na kunyimana moto hakuhitaji kibali cha serikali ya mtaa.

Lakini hata hilo lilikuwa limeshaanza. Mwanabaraka, jirani wa ukuta kwa ukuta mwenye kuuza vitumbua, ambaye kwa miaka yote alikuwa akipokezana naye kaa la moto asubuhi, hakuonekana tena uani saa ile. Bernadeta alimvizia akitoka kuteka maji.

"Jirani, umenitupa," alisema.

Mwanabaraka aliweka ndoo chini. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa na haraka. "Sijakutupa, Mama Justa. Shughuli tu."

"Umeona nini kwangu?"

"Mimi sijaona kitu." Alitazama pembeni. "Ila mtoto mpeleke kwa bibi yake. Akakae huko kidogo. Mtoto anakonda, Mama Justa, na si kwa njaa."

Bernadeta alirudi ndani amefura kwa hasira na hofu. Kwa hiyo wamemwona. Wanataka aondoke. Alijifungia akalia, akajikaza, akaenda kazini.

Kazini Daktari Yunus alimtazama mara mbili. "Mama Justa, umepungua. Unakula kweli?"

"Nakula." Alikaa kwenye hadubini bila kuinama. "Daktari, nikuulize. Kiumbe kikishageuka, kinaweza kurudi? Kikawa tena na vyote viwili?"

"Chenyewe? Hapana. Kimekwenda."

"Hata ukikibadilishia chakula? Ukikihamisha?"

"Unaweza kukipa raha ukipenda, hakirudi. Kinachorudi ni kwenye uzao." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Wawili wakikutana kuzaana, kile kiini kikubwa kinavunjwa chote, na kipya kinatengenezwa kutoka kile kidogo kilichokuwa kimya. Na kile kidogo hakijapoteza kitu. Kwa hiyo hata ule urithi uliodhani umefutika kwa mama unaweza kutokea mzima kwa mjukuu. Haukufa. Ulikuwa umenyamaza."

"Kwa hiyo unangoja."

"Hauna akili ya kungoja, Mama Justa," alisema Daktari, akacheka kidogo. Bernadeta hakucheka.

Siku hiyohiyo alituma salamu kwa abiria wa kivuko, mwanamke wa kijijini kwao aliyekuwa anarudi Kamanga: mzee Minza aje amtazame mjukuu wake. Ndiye pekee aliyebaki duniani aliyemjua Mbuke, sauti yake, shingo yake, anavyoshika kijiko. Yule mwanamke alimsikiliza kwa mshangao. "Lakini ujumbe huo nimeshapewa," alisema. "Binti yako alikuja gatini juzi. Naye anataka bibi aje."

Bernadeta aliondoka akiwaza. Mtoto anamwita bibi yake. Au Mbuke ndiye anayemwita mwanawe.

Mzee Minza alifika wiki ile, mchana wa jua kali baada ya mvua, akishikiliwa mkono na kijana wa gatini. Asubuhi ya siku hiyo Bernadeta alikuwa amekwenda maabara, akadondosha dawa yake kwenye ukoo wa Kamanga bila wasiwasi wowote, kwa kuwa ukoo huo alikuwa ameupima muda mrefu sana na haukuwahi kumwangusha. Viumbe viliogelea. Kisha vikapunguza mwendo. Vilisimama vyote kwa pamoja, vikavimba, na tone likabaki jeupe. Alirudia kwa tone lingine, na lingine. Daktari Yunus alifurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. "Umegeuka," alisema. "Miaka yote hii, halafu leo." Bernadeta aliomba ruhusa, akatembea kwenda nyumbani, na mambo aliyoyapita njiani hakuyakumbuka.

Alimkuta mama yake ameketi kwenye kiti cha kamba, na Justa amepiga magoti mbele yake, kidevu kimeshikwa na vidole vya bibi. Mzee Minza alikuwa anamsoma msichana uso mzima, polepole. Akamwambia atembee, akatembea. Akamwambia atoke nje na arudi. Justa alitoka kwa kuupa mlango kisogo, akarudi. Bibi akampa kipande cha sangara kilichokuwa mezani tangu jana. Justa alikila chote, mpaka mkia, kama mtu aliyefunga.

"Huyu ni Justa," alisema mzee Minza. "Hakuna mtu mwingine humu."

Bernadeta alishika mlango. Machozi ya furaha yalimtoka bila kujizuia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Miaka kumi na kitu ya hofu ilimwondoka mgongoni. Alitaka kumkumbatia mwanawe, akapiga hatua, na Justa akarudi nyuma ya kiti cha bibi.

"Basi moto anafunika nani?" aliuliza Bernadeta. Alitaka kucheka alipouliza.

Justa alimtazama bibi yake, bibi akainamisha kichwa kumruhusu.

"Wewe, mama," alisema Justa. "Kila siku. Nakuona. Unafunika, unachora na kidole. Nikikuita hugeuki. Halafu unatoka nje hivihivi, unaangalia nyumba, unaangalia mpaka unafika njiani." Alikishika kiti cha bibi. "Na samaki huli. Tangu Pasaka hujala samaki, unaniangalia tu mimi kwamba sili. Niliogopa kukwambia. Mama Mwanabaraka alikuona, akaniambia nikimbilie kwa bibi."

"Mimi?" alisema Bernadeta. Alitazama mikono yake. Chini ya kucha kulikuwa na mstari mwembamba wa majivu, nayo aliiosha maabara mara mbili kwa sabuni kama ilivyo sheria. Miguuni tope lilikuwa limekauka kwenye visigino. Alitafuta kichwani mwake angalau asubuhi moja anayoweza kuikumbuka yote, tangu kuamka hadi kwenye hadubini, akakosa. "Lakini jina lilimnyamazisha yeye. Mlikuwepo wote. Mtoto alinyamaza."

"Mtoto alinyamaza," alisema mzee Minza. "Wote waliinama kumtazama mtoto, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nilikuwa namtazama mwanangu. Ulikuwa unalia kuliko yeye, Bernadeta, unatetemeka mwili mzima, na mtoto anatetemeka juu yako. Jina likatajwa, ukatulia. Ukakauka machozi palepale. Mtoto angeachaje kunyamaza, wakati aliyembeba ametulia?" Alimwonyesha Justa kwa kidole. "Niliona, nikaogopa. Nikasema Justa ili watu watazame kule. Nikakuangalia miaka yote hiyo, nikasema labda haitakuwa kitu. Ulikuwa mzima. Ulisoma, ukapata kazi ya serikali. Nikasema imepita."

Bernadeta alitaka kumweleza. Alitaka kusema kwamba ziko koo zinazochelewa, zinazokaa na vyote viwili mpaka kila mtu anazisahau, na kwamba alikwisha kuambiwa hivyo uani kwenye makande na hakusikia. Maneno yalikuwepo, lakini kila alipolishika moja lilikuwa jepesi na la mtu mwingine, na alipoliachia halikuanguka popote.

"Mama," alisema badala yake, "usimchukue Justa." Hilo lilikuwa lake, na lilimtoka kwa nguvu zote alizobakiza. "Niko hapa. Bado niko. Niachie mtoto wangu."

Mzee Minza alishika mikono ya kiti akainuka, na ilimchukua muda, kwa kuwa magoti yalikuwa mabovu. Alipokuwa amesimama, walitazamana. Uso wa mzee ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa binti.

"Wazee wa kijiji walituita baraza," alisema, si kwa Justa wala kwa hewa, bali kwake, machoni mwake. "Walisema atakayekuamkia naye anyimwe moto. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Ulikuwa unatoka kisimani, tukakutana njiani, ukasimama ukaningoja. Nami nikatazama chini nikapita. Nilipita hivyo mpaka ulipoingia majini."

Kisha yule mama, ambaye alimzaa Bernadeta na kumfundisha kuamkia watu, akaanza kushuka. Alishika meza, akaweka goti moja kwenye sakafu ya saruji, halafu la pili, akainamisha kichwa mbele ya mtoto wake wa kumzaa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bernadeta alifungua mdomo ili amzuie. Alitaka kumwambia inuka mama, usinifanyie hivyo, ni mimi. Lakini ndani yake, mahali asipopajua, kitu kilichokaa miaka mingi bila kuamkiwa na mtu kilisikia salamu ile na kufurahi, kikafurahi mpaka kikajaa mwili wote, wala hakikuacha nafasi. Aliisikia sauti ikimtoka, kavu, ya taratibu, ya mwanamke mzee asiyekuwa na haraka.

"Marahaba, Minza. Umekawia sana."

Justa alimwinua bibi yake kwa mikono miwili. Walitoka wakaenda zao gatini, na yule aliyebaki mlangoni hakuwaita.